Lindo la Pasaka

"Mzee wako alipewa nishani hii wapi?"

Swali lilikuwa jepesi, na Jamilah hakuwa amelitegemea. Alikuwa amepanda kilima cha Mbuya, kwenye makao ya jeshi, asubuhi hiyo na kila alichodhani kingehitajika: kitambulisho cha baba yake, hati yake ya kustaafu jeshini, na barua aliyoiandika mwenyewe, hoja baada ya hoja. Kapteni Nabalayo, mwanamke wa makamo aliyesimamia dawati la marekebisho ya kumbukumbu, alikuwa ameisoma barua hiyo mpaka mwisho bila kukunja uso. Kisha akauliza hilo tu.

"Mogadishu," Jamilah alisema.

"Mogadishu ni mji mkubwa, nyabo." Kapteni alimwita hivyo kwa heshima, akaigeuza kompyuta kidogo ili mgeni wake naye aone. "Tazama. Hii ni orodha ya gwaride la nishani la kikosi chao. Kila aliyeitwa akaitika amewekewa alama. Sajini Zubairi Kamis aliitwa, hakuitika. Karani ameandika hapa 'lindoni'. Maana yake, wenzake walipaza sauti kwamba yuko kwenye ulinzi. Walio lindoni walipelekewa nishani zao huko huko, na majina yao yakajazwa baadaye kutoka kwenye orodha ya zamu. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Orodha ya zamu ya siku hiyo ni hii. Jina lake halimo. Hakuwa gwarideni, hakuwa lindoni. Alikuwa wapi?"

Jamilah alizitazama orodha zote mbili. Hazikuwa na mfuto wala alama ya kuchezewa.

"Sisemi mzee ni mwongo," Kapteni aliongeza. "Nasema karatasi mbili hazikutani. Niletee kinachozikutanisha, nitaandika siku hiyo hiyo."

Jamilah alimwelewa, tena kuliko alivyopenda. Yeye mwenyewe alikuwa mkaguzi wa mizani. Katika soko la Nakawa alishazoea wafanyabiashara waliomwapia kwa marehemu mama zao kwamba mizani yao haina kosa, na jibu lake kwa wote lilikuwa kuweka jiwe la kilo kwenye sahani na kusubiri mshale utulie. Angekuwa upande ule wa meza, angeuliza swali lile lile.

Jambo lenyewe lilikuwa limetokea kimyakimya. Kwenye sherehe moja ya askari wastaafu, wakati wazee wa Kyebando, mtaa wa kwao, wakipangwa mstari ili wasalimiwe na mgeni rasmi, ofisa aliyeshika orodha alisimama mbele ya Zubairi, akamtazama kifuani, akatazama orodha. Akasema kwa adabu kwamba nishani ya misheni ya Somalia haimo kwenye rekodi yake, na kwamba tafadhali aivue mpaka ithibitishwe. Zubairi aliivua. Pini ilikwama kwenye kitambaa cha koti, na wenzake wakatazama pembeni mpaka alipomaliza. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana.

Matusi yalikuja baadaye, na yalikuja kwa kicheko. Pale dukani kona ya Kyebando mtu alimwita Mzee wa Owino, kwa maana kwamba nishani yake aliichambua kwenye malundo ya mitumba ya soko la Owino, na jina likashika. Olal, mwenyekiti wa umoja wa maveterani wa mtaa, alikuja nyumbani kwao akakaa, akanywa chai, akaeleza kwamba yeye binafsi hana neno, ila wanachama wanauliza, na kwamba kama uthibitisho hautapatikana kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, itabidi jina la Zubairi litolewe. Tangu siku hiyo Zubairi hakutoka tena. Hata Ijumaa aliswali chumbani. Kanzu yake nyeupe ilining'inia nyuma ya mlango ikiwa imepigwa pasi.

Kilichomkera Jamilah kuliko yote ni kwamba hakuwa na uhakika. Alimpenda baba yake, lakini kumpenda hakukumwambia lolote kuhusu siku moja ya zamani katika mji ambao yeye hakuwahi kuuona.

Alimkuta sebuleni, redio ikisoma habari.

"Baba, siku ya kutoa nishani ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Kapteni anasema humo kwenye orodha ya zamu."

"Basi orodha yake mbovu."

"Nimeiona. Si mbovu."

"Jamilah, nilisimama pale." Alijigusa shingo, nyuma ya sikio. "Jua lilinibabua hapa mpaka ngozi ikatoka."

"Nani alikupa nishani?"

"Ofisa. Alikuja na gari, akashuka, akanibandika, akanipigia saluti, akaenda lindo la pili."

"Anaitwa nani?"

"Alishafariki, Mungu amrehemu."

"Mtu mwingine aliyeona?"

"Unanihoji kama polisi."

"Nakuhoji kama Kapteni atakavyokuhoji."

Zubairi alipunguza sauti ya redio. "Na wewe unaona niliinunua Owino?"

Binti mwingine angesema hapana haraka. Jamilah alichelewa, na kuchelewa kwake kulionekana. "Sijui, Baba. Ndiyo maana nauliza."

Mzee aliongeza sauti ya redio.

Jamilah alienda jikoni akachemsha chai ya tangawizi, akaimimina, akasimama na kikombe mkononi bila kukinywa. Alikuwa amekosea mahali. Mizani ikionyesha vibaya na jiwe likiwa zima, mkaguzi mzuri haendelei kubishana na mshale. Anainama kuangalia meza imekaa vipi. Yeye alikuwa ameng'ang'ania nani alitoa nishani. Swali lililo chini ya hilo hakuwahi kuligusa. Alirudi sebuleni.

"Baba. Tuseme ulikuwa getini. Zamu haikuwa yako. Ulifuata nini pale?"

Zubairi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini Ijumaa inafuata Alhamisi.

"Si ilikuwa Pasaka?"

"Pasaka ndiyo nini?"

"Wewe mtoto umesoma mpaka wapi?" Sasa alizima redio kabisa. "Pasaka Wakristo wanasali. Geti linasimamiwa na nani? Na sisi. Ikifika Idi, sisi tunasali, wao wanasimama. Ndivyo tulivyoishi tangu kambi ya kwanza niliyolala. Okwir aliwahi kushika bunduki yangu na yake siku nzima ya Idi, mimi nikamletea pilau kwenye bati, akala amesimama. Akalalamika nyama ndogo!"

"Na orodha ya zamu hubadilishwa?"

"Ibadilishwe na nani? Unamwambia mwenzako, kaka, leo nenda, nasimama mimi. Sajini wa zamu anaona, ananyamaza. Yeye mwenyewe yuko kanisani."

"Lakini gwaride la nishani siku ya Pasaka?"

"Lilipangwa Jumanne. Mgeni akateremka na ndege Jumapili mchana, hakuna aliyemtegemea. Wale wakatolewa kwenye hema la kanisa moja kwa moja wakapangwa mstari. Wengine bado wana vitabu vya nyimbo mkononi."

Jamilah aliweka kikombe chini. "Ulisimama badala ya nani?"

"Si nimekwambia? Okwir."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Okwir alitoka kanisani akapangwa gwarideni, akaitwa, akaitika, akawekewa alama. Getini, nishani ilitiwa kifuani mwa mtu aliyekuwa amesimama pale, kisha karani akajaza jina lililokuwa kwenye orodha ya zamu: Okwir. Karatasi zote mbili zilisema kile zilichoambiwa. Okwir alikuwa na nishani mara mbili, na Zubairi hakuwa na hata moja.

"Kwa nini hukusema haya mapema?"

"Hukuuliza," alisema Zubairi. "Tena kila mtu anajua."

*

Okwir alikuwa bado jeshini, sajini meja, akiwa katika wiki zake za mwisho kabla ya kustaafu. Jamilah alimpigia simu.

"Binti Zubairi! Mzee amekufa?"

"Hajafa, baba."

"Basi hakuna haraka. Lakini njoo leo, mama amepika."

Aliishi mtaa wa Banda na mkewe, Apio, aliyekuwa polisi kabla ya kustaafu, na ambaye bado alimtazama kila mgeni mikononi kwanza, usoni baadaye. Waliketi barazani, sahani ya karanga katikati. Jamilah alieleza kwa mpangilio: orodha ya kwanza, orodha ya pili, Pasaka. Alimaliza na sharti alilopewa na Kapteni Nabalayo kwenye simu saa chache kabla, alipouliza tu jina hufutwaje. Jina halifutwi kwenye orodha ya zamu kwa neno la mtu mwingine. Mwenye jina lazima afike mwenyewe, aseme kwamba hakuwa hapo, atie sahihi.

Okwir aliacha kutafuna. "Kwa hiyo mimi nina nishani mbili?"

"Kwenye karatasi."

"Na huyu mzee wako hana."

"Hana. Wamemvua mbele ya watu."

"Nilimwambia asimame kidogo tu, narudi baada ya komunyo." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Komunyo ikageuka gwaride."

"Okwir," alisema Apio.

"Nini?"

"Faili lako liko safi. Linangoja sahihi za mwisho. Sisi tumeshafunga mizigo ya kuhamia Lira, hata masufuria. Sasa unataka kwenda kuliamsha?" Alimgeukia Jamilah, bila ukali. "Mwanangu, usinichukie. Nimekaa polisi maisha yangu yote. Kuna mtu alienda kurekebisha tarehe yake ya kuzaliwa, faili likatolewa kabatini, likalala juu ya meza. Barua ya kustaafu ilimkuta kaburini."

"Huyo alikuwa mlevi," Okwir alisema.

"Alikuwa mlevi, na faili lililala. Yote mawili."

Jamilah hakumsihi. Apio hakusema uongo. Faili linaloguswa huweza kulala, na yeye hakuwa na ushahidi kwamba hili halitalala. Alisema tu kwamba kesho asubuhi atakuwa Mbuya na baba yake, na kwamba sababu ya Mama Apio ameisikia. Okwir alimsindikiza mpaka barabarani bila kusema ndiyo wala hapana.

"Msalimie mzee," alisema mwishowe. "Mwambie nitafikiri."

Hilo la kufikiri Jamilah hakulipeleka nyumbani. Alimwambia baba yake tu avae suti kesho.

*

Zubairi alivaa suti. Nishani aliiacha nyumbani. Alisema hatabeba kitu ambacho serikali inasema si chake kwenda kukionyesha kwa serikali. Waliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Kapteni Nabalayo, mzee ameuweka mgongo mbali na ukuta kama vile benchi nalo lilikuwa gwaride. Kila mara lango la chini lilipofunguliwa, Jamilah alitazama, akaona ni mtu mwingine, akarudisha macho.

Kapteni aliwaita. Alisikiliza habari ya Pasaka kwa makini, akafungua kalenda ya mwaka ule kwenye kompyuta, akaitafuta tarehe.

"Jumapili," alisema. Akasogeza kidole kwenye kioo. "Kweli. Jumapili ya Pasaka." Aliegemea nyuma. "Mimi nimesimama Idi nyingi, mzee, nikiwa bado koplo. Karatasi ilikuwa na tarehe. Sikukuu haikuandikwa, na Pasaka haikai tarehe moja. Ningejua, ningeuliza jana."

"Basi yameisha?" Zubairi aliuliza.

"Bado. Mimi nimeamini. Lakini nikifuta jina la askari kwenye lindo bila yeye mwenyewe, kesho mwingine atanijia afutiwe jina kwenye lindo alilotoroka. Lazima aje."

"Na asipokuja?"

Kapteni alivuta kalamu karibu. "Asipokuja, mzee, nitaandika kwamba maombi yanasubiri shahidi."

Zubairi alitikisa kichwa polepole. Jamilah aliona mkono wa baba yake ukipapasa kofia iliyokuwa juu ya goti, ukiizungusha, na akaelewa kwamba mzee alikuwa anajiandaa kushukuru na kuondoka. Alifungua mdomo aombe muda mpaka adhuhuri.

"Hodi hapo! Ni huku wanakogawa nishani za bure?"

Okwir aliingia akiwa na sare kamili, akapiga saluti iliyotikisa kalamu mezani. Nyuma yake alikuwa Apio, miwani ya kusomea tayari usoni.

"Na huyu ni nani?" Kapteni aliuliza.

"Ni mke wangu, afande. Amesema sitii sahihi kitu ambacho yeye hajakisoma."

"Usiku kucha ameongea na dari," alisema Apio. "Nikaona bora tuje."

Zubairi aliinuka. Wale wazee wawili walishikana mikono, kisha mabega. Kapteni alisubiri, akavuta karatasi.

"Sajini Meja, siku ile ya gwaride ulipokea nishani ngapi?"

"Moja, afande. Tena nikiwa na njaa."

"Wapi?"

"Kwenye mstari. Tumetoka kanisani, tukapangwa."

"Na getini?"

"Getini sikuwepo. Alikuwepo huyu."

"Mpaka saa ngapi?" Zubairi alidakia.

"Aa, kaka..."

"Mwambie afande mpaka saa ngapi! Alisema kidogo tu. Nikasimama mpaka jua linazama. Wao wanapiga picha na mgeni, mimi nahesabu punda wanaopita."

"Si ulipata nishani?"

"Nilipata! Ameandikiwa nani?"

Hata Kapteni alicheka. Aliandika maelezo mafupi, akamsomea Okwir, kisha akampa Apio, aliyeyasoma mara mbili, midomo ikisogea, na hakuirudisha karatasi.

"Afande, nauliza. Kustaafu kwake je? Faili litalala?"

Kapteni alilifungua faili la Okwir kwenye kompyuta na kulisoma kimya.

"Mama, nikueleze jinsi linavyokwenda," Kapteni alisema. "Kabla askari hajaruhusiwa, kuna ukaguzi wa mwisho. Huyu ana nishani moja, ya siku moja, iliyoandikwa mara mbili. Mkaguzi akiona hivyo hasaini. Anarudisha faili kikosini waeleze. Hapo ndipo lingelala, na lingelala sana, maana kikosini waliobaki hakuna anayeijua siku hiyo. Leo nikifuta moja, linakwenda mbele."

Apio aliivua miwani. Alimtazama Okwir, akamtazama Zubairi.

"Basi shemeji," alisema, "ni vizuri walikuvua."

Okwir alimgeukia rafiki yake. Kisha Zubairi alicheka, kicheko kikubwa cha tumboni ambacho Jamilah hakuwa amekisikia tangu ile sherehe, akacheka mpaka akalazimika kukaa, na Okwir akampiga mgongoni na kusema afande atawafukuza. Apio aliirudisha karatasi. Okwir alitia sahihi, Zubairi akatia sahihi, Apio akatia sahihi kama shahidi ingawa hakuna aliyemwomba.

Kapteni aliandika kwa muda, akabonyeza, akangoja mashine itoe karatasi moja. Alisimama kuisoma, na kwa sababu alisimama, wale wanaume wawili nao wakasimama. Sajini Zubairi Kamis, mstaafu. Nishani ya misheni. Alipokea akiwa lindoni. Chini yake tarehe, sababu ya marekebisho, sahihi na mhuri.

"Unaweza kuivaa popote, mzee. Atakayekuuliza, mwonyeshe hii."

"Nisomee tena ile ya lindoni," alisema Zubairi.

Kapteni alisoma tena.

Jamilah alihisi mabega yake yakishuka, na hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa ameyainua siku nyingi. Alichukua karatasi, akaikagua kwa mazoea: jina, namba ya jeshi, tarehe, mhuri. Kila kitu kilikuwa sawa. Akaikagua tena, si kwa shaka, bali kwa raha ya kuona vitu vimekaa sawa.

Nje, Okwir na Apio walitangulia kuteremka, wakibishana kuhusu masufuria ya Lira. Zubairi alitembea taratibu kando ya binti yake, karatasi ameikunja kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Wewe hukuniamini," alisema.

Jamilah alifikiri kukanusha, akaacha. "Nilikuuliza."

"Ndiyo. Wengine waliniamini, wakaja kunipa pole, wakanywa chai, wakaenda. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mpaka leo ningekuwa ndani na pole zao." Alikohoa kidogo. "Ila uliuliza vibaya."

"Mwanzoni."

"Mwanzoni," alikubali.

Walipofika chini alitoa simu, akaisogeza mbali na macho kutafuta jina. Jamilah aliuliza kama anataka wapitie kwa Olal wampe nakala kabla ya mkutano, ni njiani.

"Tupitie kwake?" Zubairi alisimama kabisa. "Siku ile alinifuata nyumbani kwangu kunieleza, na sasa anifuate nyumbani kwangu asome." Alikuwa ameshapiga, sauti ya Olal ilisikika ikisema halo, halo. "Olal? Hujambo, Mwenyekiti. Mimi mzima. Njoo nyumbani baada ya alasiri. Hapana, si ugonjwa. Njoo na miwani yako." Alisikiliza, uso mkavu kabisa. "Chai ipo, lakini safari hii utasoma kwanza."

Akakata simu, akairudisha mfukoni, akavuka barabara mbele ya binti yake bila kumngoja.